Kutoka Jiweni hadi Jina: Kumtambua Nondo-maji Mfuma-wavu wa Vijito vya Moshi na Arusha

Geuza jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu lililolala kwenye maji ya kasi ya Mto Karanga, Weruweru au Nduruma, kisha utazame upande wake wa chini kabla haujakauka. Utaona vibanda vidogo vya kokoto na mchanga vilivyoshikanishwa kwa uzi mwembamba, na mlangoni mwa kibanda kuna utando umenywea, umejaa tope na vipande vya majani. Utando huo ulipokuwa majini ulikuwa wavu uliotandazwa barabara, ukikinga chakula kinachopita na mkondo. Bomoa kibanda taratibu kwa kibano. Atatoka kiumbe wa milimita 8 hadi 15, amejikunja kama herufi C, ana kichwa kigumu na miguu sita, na chini ya tumbo ana vishada vyeupe vinavyopepea kama manyoya. Huyo ni lava, yaani mdudu mchanga ambaye bado hajapevuka, wa familia ya Hydropsychidae.

Kundi lake lote kisayansi huitwa Trichoptera. Kiswahili hakijaafikiana jina moja la wadudu hawa, kwa hiyo humu tutawaita nondo-maji: akishapevuka na kutoka majini, mdudu huyu hufanana na nondo mdogo wa kahawia anayezunguka taa jioni. Tofauti yake na nondo wa kweli ni kwamba mbawa zake zina nywele, si magamba yanayoacha unga vidoleni, na hana ule mrija wa kunyonyea uliojiviringisha chini ya kichwa.

Kwa nini kuzitofautisha aina

Wengi wanaopima afya ya mito kwa kutumia wadudu humwona lava huyu, wakaandika "Hydropsychidae yupo" na kuendelea na mwingine. Kosa huanzia hapo. Katika SASS5, mfumo wa Afrika Kusini wa kupima afya ya mto kwa kuipa kila familia ya wadudu alama, ambao TARISS ya Tanzania iliyochapishwa mwaka 2015 ilijengwa juu ya msingi wake, familia hii haina alama moja. Ukipata aina moja ya Hydropsychidae unaandika alama 4. Aina mbili, alama 6. Zaidi ya mbili, alama 12. Sababu inaeleweka: mto uliochafuka mara nyingi hubakiwa na aina moja sugu inayoshiba uchafu unaoelea, ilhali mto wenye afya huwa na aina kadhaa zilizogawana kasi za maji.

Chukua mfano wa kituo kilichopata familia 8 na jumla ya alama 40. Wastani wake ni 5.0. Ikiwa kati ya alama hizo 4 zilitoka kwa Hydropsychidae walioandikwa kama aina moja, halafu ukarudi kwenye trei na kukuta aina tatu, ile 4 inakuwa 12, jumla inakuwa 48 na wastani 6.0. Mto ni uleule, siku ni ileile, ila taarifa itakayofika kwa wasimamizi wa Bonde la Pangani ni nyingine kabisa. Kabla ya kujumlisha, soma karatasi ya alama ya mfumo unaoutumia wewe, kwa maana mifumo hii hufanyiwa marekebisho.

Vifaa, na kinachoharibika ukikosea kuvichagua

Neti yenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 na matundu ya milimita 1 ndiyo inayotumika kwenye SASS5. Fundi chuma yeyote anaweza kukutengenezea fremu ya chuma cha nondo cha milimita 8. Tatizo huwa kitambaa. Watu hushona chandarua cha kitandani, na vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo huua pia wadudu wa majini, kwa hiyo neti yako itakuletea wadudu walegevu wanaopoteza miguu na matamvua (vile vishada vya chini ya tumbo), tena itaacha sumu kijitoni. Nunua kitambaa cha neti kisicho na dawa na upime matundu yake kwa rula: hesabu matundu 10 mfululizo, ugawanye urefu wake kwa 10.

Trei iwe nyeupe. Kifuniko cha ndoo kubwa ya plastiki kinatosha. Beba pia trei ya kugandishia barafu, kwa sababu kila shimo lake litakuwa nyumba ya aina moja wakati wa kuchambua. Kibano kiwe chenye ncha laini. Kile kigumu cha kung'olea nyusi hukata lava vipande viwili. Lenzi ya mkono ya x10 inatosha kufikia familia, na kwa baadhi ya lava hata jenasi, yaani kundi la spishi za karibu ndani ya familia. Kuanzia hapo unahitaji hadubini ya kuchambulia wadudu yenye uwezo wa kufika x40.

Spiriti ya kuhifadhia iwe ethanoli ya asilimia 80. Ukiwa na ya asilimia 96, changanya mililita 83 za spiriti na mililita 17 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Spiriti iliyotiwa rangi itapaka wadudu rangi hiyo, na pombe ya dukani yenye asilimia 35 haitoshi: baada ya wiki moja utakuta supu. Jaza chupa kwa kipimo hiki: sehemu moja ya wadudu kwa sehemu tisa au kumi za spiriti. Baada ya saa 24 mwaga na utie nyingine, kwani maji yaliyokuwa miilini mwao yameshaipunguza nguvu ile ya kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoharibu mikusanyo mingi zaidi.

Kibali, msimu na usalama

Msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo kijito chochote kilicho juu ya mpaka wa msitu kinahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga inayopita vihambani (mashamba ya nyumbani), zungumza kwanza na wenye zamu ya maji. Mawe unayoyageuza huenda ndiyo yanayoelekeza maji yao shambani.

Msimu mzuri ni kuanzia Julai hadi Oktoba, maji yakiwa yametulia na mawe yanafikika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mafuriko huviringisha mawe na kufagia vibanda, kwa hiyo ukikosa wadudu Mei usiseme mto umekufa. Subiri wiki nne hadi sita baada ya mafuriko makubwa. Hata kiangazi tazama juu mlimani kabla hujaingia majini: mvua hunyesha msituni huku Moshi mjini kumekauka, na maji hupanda ghafla. Kwenye mifereji ya umwagiliaji ya tambarare, yenye maji ya polepole na konokono, vaa gambuti na glavu kwa sababu ya kichocho. Wafuma-wavu wenyewe hutawaona sana huko, maana wanataka mkondo.

Kukusanya

Simama upande wa chini wa mkondo, neti ikiwa mbele yako, mdomo wake umeelekea maji yanakotoka. Sugua na ugeuze mawe kwa mguu kwa dakika 2 ikiwa mawe yanasogea. Ikiwa mengi yameshikana na mwamba, endelea hadi dakika 5, usizidi. Hiyo ndiyo sampuli ya alama.

Ila kwa ajili ya kutofautisha aina, mguu peke yake hautoshi. Lava aliyejenga kibanda imara kwenye ufa wa jiwe hatoki kwa kusuguliwa, na mara nyingi yule asiyetoka ni wa aina tofauti na yule aliyetoka. Chukua mawe 10 kwa mkono: manne kwenye maji ya kasi kabisa yenye povu, matatu kwenye mkondo wa wastani, matatu pembezoni. Weka neti chini ya jiwe unapolinyanyua. Bandua vibanda vyote, na uweke kila kundi la mawe kwenye chombo chake, kwani mahali alipotoka mdudu ni sehemu ya utambulisho wake. Rudisha mawe yalivyokuwa, upande wa mwani ukiangalia juu.

Lava wakiwa bado hai, wapige picha kwenye maji kidogo, kichwa kikionekana kwa juu. Kijani cha tumbo na wekundu wa kichwa hupotea kwenye spiriti ndani ya siku chache, na picha ya simu iliyopigwa kupitia lenzi ya mkono itakuokoa miezi mitatu baadaye.

Je, ni nondo-maji kweli?

Tazama mwisho wa mwili. Lava wa nondo-maji ana vijimguu viwili vya nyuma, na kila kimoja kina kulabu moja. Lava wa mbawakawa waendao mbiombio juu ya maji wana kulabu nne mwishoni na manyoya marefu ubavuni. Viwavi wa nondo wa kweli wanaoishi majini wana vijimguu vingine katikati ya tumbo, vyenye duara la vikulabu vidogo mno. Usubi na jamaa zake hawana miguu yenye viungo hata kidogo. Ukiona jozi ya vijimguu vya nyuma yenye kulabu moja moja, na miguu sita yenye viungo kifuani, uko kwenye kundi sahihi.

Kufikia familia

Kwanza angalia kama ana nyumba anayotembea nayo. Wale wenye nyumba ya kubeba si wafuma-wavu. Bomba la mchanga, na ndani yake lava mwenye miguu ya nyuma mirefu iliyochomoza, ni Leptoceridae. Nyumba ya vipande vya majani vilivyokatwa kwa pembe nne, kama boksi, kwenye vijito vya baridi vya msituni, inaelekeza kwa Lepidostomatidae. Kuna pia Pisuliidae, familia ya Afrika tu, ambao nyumba yao ya majani ukiikata kwa upana ina pembe tatu. Kifuko bapa kidogo kuliko mbegu ya tikiti ni Hydroptilidae.

Waliobaki, wasio na nyumba ya kubeba, walaze chali kwenye kisahani chenye maji, halafu uwageuze kifudifudi. Unaangalia mambo mawili tu: mabamba magumu juu ya pingili tatu za kifua, na matamvua chini ya tumbo. Bamba likiwa kwenye pingili ya kwanza pekee, na pingili nyingine mbili ni laini na nyeupe, kandamiza kichwa kidogo: ukiona mdomo wa juu umechomoza, mweupe, mlaini, wenye umbo la T kama kipanguzio cha sakafu, huyo ni Philopotamidae, na mara nyingi atakuwa wa rangi ya chungwa. Mabamba yakiwa kwenye pingili zote tatu lakini chini ya tumbo hakuna tamvua hata moja, ni Ecnomidae. Mabamba matatu pamoja na matamvua yenye matawi, na kishada cha nywele ndefu kama brashi kwenye kila kijimguu cha nyuma: Hydropsychidae.

Onyo moja hapa. Lava wa Hydropsychidae aliyetoka kwenye yai juzi hana matamvua bado. Akiwa na urefu wa chini ya milimita 3, mwache. Usimwite Ecnomidae.

Kufikia jenasi

Hapa ndipo mkono hutetemeka, kwa hiyo tuende polepole. Vijito vyetu vina jenasi kadhaa za Hydropsychidae, na tatu za kuzifahamu kwanza ni Cheumatopsyche, Hydropsyche na Macrostemum.

Anza na kichwa kwa juu. Ukikuta uso bapa kama umefyekwa kwa kisu, umezungukwa na ukingo ulioinuka mfano wa ukingo wa sinia, na miguu ya mbele ina nywele nyingi kama brashi, umempata Macrostemum au jamaa yake wa karibu. Mweke kando kwenye shimo lake.

Kichwa kikiwa cha mviringo wa kawaida, geuza lava ubavuni. Mbele ya nyonga ya mguu wa kwanza kuna kibamba kidogo kinachoitwa trokantini. Kwa Cheumatopsyche na Hydropsyche ncha yake imegawanyika kama panda ya manati. Ikiwa ncha ni moja, huyo si wa jenasi hizi mbili. Mweke kando na umwandike "Hydropsychidae, trokantini isiyogawanyika". Kumlazimisha jina ni kosa kubwa kuliko kumwacha bila jina.

Sasa mlaze chali. Tafuta bamba refu lililolala kwa upana chini ya pingili ya kwanza ya kifua, kati ya miguu ya mbele. Nyuma yake tu, kwenye mkunjo wa ngozi kati ya pingili ya kwanza na ya pili, kuna vibamba viwili, kimoja kila upande. Kwa Hydropsyche vibamba hivi ni vikubwa, vyeusi au vya kahawia, vinaonekana bila kuvitafuta. Kwa Cheumatopsyche ni vidogo sana kama nukta mbili za penseli, au havionekani kabisa.

Wengi hukosea kwenye hatua hii kwa sababu moja: mkunjo umefunga. Lava aliyetumbukizwa kwenye spiriti akiwa hai hujikunja, na pingili ya kwanza huifunika ya pili, kwa hiyo hata Hydropsyche huonekana hana vibamba. Shika kichwa kwa kibano kimoja na kifua kwa kingine, uvute nyuma kidogo mpaka ngozi nyeupe ya mkunjo ifunguke. Kama amekakamaa, mwache kwenye maji dakika 10 kabla ya kuvuta. Dawa bora ni kuzuia tatizo tangu mtoni: tumbukiza lava kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa sekunde 10 hadi 20 kabla ya spiriti. Watanyooka, na kazi yote ya mbele itakuwa rahisi.

Kutenganisha aina ndani ya jenasi moja

Baada ya jenasi, lava wa spishi tofauti hutenganishwa hasa kwa kichwa. Tumia wale wakubwa pekee. Nondo-maji hupitia hatua tano za lava, na michoro ya kichwa hukamilika hatua ya tano. Pima upana wa kichwa mahali penye macho kwa lava 30 au zaidi wa kituo kimoja, uandike vipimo: vitajikusanya kwa makundi, na kundi la vichwa vipana zaidi ndilo la hatua ya tano. Ikiwa spishi mbili za ukubwa tofauti zimechanganyika, makundi yataingiliana, na hilo lenyewe ni dokezo kwamba una zaidi ya aina moja.

Safisha kichwa kwa brashi ya rangi yenye nywele chache, kwa sababu mwani na tope hutengeneza madoa ya uongo. Kisha angalia kwa mpangilio huu, na uuchore kila mara kwa mpangilio huohuo. Kwanza bamba la uso, lile lenye umbo la ngao katikati ya kichwa: je, lina madoa meupe, mangapi, na yamekaaje? Pili ukingo wa mbele wa bamba hilo, juu ya mdomo: umenyooka, una pengo katikati, au upande mmoja haufanani na mwingine? Umbo la ukingo lina uzito kuliko rangi, maana rangi hufifia lakini umbo halifi. Tatu, rangi ya chini ya kichwa. Nne, nywele za mgongo wa tumbo kwa x40: ni nyembamba, au bapa kama vijigamba, au zote mbili? Tano, hesabu ni pingili zipi za tumbo zenye matamvua.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: usitangaze aina mpya mpaka uwe na lava watatu wa hatua ya tano wanaotofautiana na wengine kwa umbo, si kwa rangi peke yake. Lava aliyejivua gamba usiku uliopita huwa mweupe kichwa kizima, na kwa siku moja hivi anaweza kukudanganya kuwa ni spishi nyingine. Mguse kichwa kwa upole na ncha ya kibano: kikibonyea, bado hajakakamaa, mwache.

Ukifika hapa una "aina A", "aina B" na "aina C", na kwa kazi ya alama za mto umemaliza. Jina la spishi ni safari nyingine.

Pupa: daraja kati ya lava na jina

Majina ya spishi za Cheumatopsyche yamejengwa juu ya viungo vya uzazi vya dume aliyepevuka. Lava peke yake hakupi jina hilo kwa uhakika, isipokuwa pale ambapo kuna mtu aliyekwisha kumuunganisha lava huyo na dume wake. Kiunganishi ni pupa, yaani hatua ya kati ya lava na mdudu mwenye mbawa.

Lava akikomaa hujenga kibanda kilichofungwa pande zote, kuba dogo la kokoto lililogandishwa kwenye jiwe, kwa kawaida upande wa chini. Humo ndani hujivua mara ya mwisho, na mabamba ya kichwa na kifua cha lava husukumwa nyuma ya chumba na kubaki humo. Kwa hiyo pupa aliyekomaa ana vitu viwili ndani ya chumba kimoja: kichwa cha lava chenye madoa yake, na mwili wa mdudu anayekaribia kuruka, viungo vya uzazi vikionekana kupitia ngozi. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo.

Pupa aliyekomaa unamjua kwa macho meusi na mifuko ya mbawa iliyokoza rangi. Pupa mweupe au wa kijani bado, mrudishe mtoni. Fungua kuba kutoka pembeni kwa ncha ya kisu kidogo, usilibandue kwa nguvu kutoka juu, la sivyo mabamba ya lava yatamwagika na maji. Weka pupa, mabamba na vipande vya chumba kwenye kichupa kimoja. Kila pupa na kichupa chake. Ukichanganya wawili umepoteza wote wawili.

Kuwapata madume kwa taa

Tundika shuka jeupe mita 5 hadi 10 kutoka kijitoni, uwashe taa ya urujuanimno inayotumia betri. Jua la Moshi na Arusha huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 12 na dakika 55 jioni, kutegemea mwezi. Washa mapema kidogo, kwani saa mbili za mwanzo ndizo zenye wadudu wengi. Epuka usiku wa mbalamwezi, upepo na baridi kali. Mahali penye taa za barabarani utapata wachache.

Kwenye shuka, nondo-maji hukaa na mbawa zimeegemeana kama paa la nyumba. Wenye vipapasio vya kichwani virefu mara mbili au tatu ya bawa ni Leptoceridae. Wadogo weusi wenye mwiba mmoja kwenye muundi wa mguu wa mbele na minne minne kwenye miguu mingine ni Chimarra wa familia ya Philopotamidae. Hawa wana pia vijicho vitatu vidogo juu ya kichwa. Hydropsychidae hawana vijicho hivyo, na kipande cha mwisho cha kipapasio chao cha mdomoni ni kirefu, laini, chenye mikunjo kama mrija. Miiba ya Cheumatopsyche ni 2, 4 na 4. Kumbuka kwamba mdudu wa kwenye taa huenda ameruka kutoka mto mwingine, kwa hiyo hawezi kuchukua nafasi ya pupa kama ushahidi wa lava wa kijito chako.

Kusafisha na kusoma tumbo la dume

Kata tumbo kwenye pingili ya nne au ya tano. Liweke kwenye mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10, yaani gramu 10 kwa mililita 100 za maji. Mmumunyo huu unaunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, tia hidroksidi kwenye maji na usitie maji kwenye hidroksidi. Acha usiku kucha bila moto, au uweke kichupa ndani ya kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15 hadi 30, ukichungulia kila dakika 5. Muda ukizidi, viungo vinakuwa kama kioo na mipaka yake haisomeki tena. Ukipungua, misuli hubaki na kuficha kila kitu.

Toa, suuza kwa maji yenye tone moja la siki, kandamiza kidogo uchafu utoke, kisha weka kwenye glisirini ya famasi juu ya kisahani chenye shimo. Angalia kutoka ubavuni, juu, chini na nyuma. Mambo ya kuchora ni haya: vile vibanio viwili vya chini vyenye vipande viwili, hasa urefu na ncha ya kipande cha pili, pingili ya kumi, iliyo kama kifuniko, na ndimi zake mbili za mwisho, je, zimeinuka juu au zimelala nyuma, na uume, ambao kwa Cheumatopsyche ni bomba rahisi lenye vijisahani viwili mwishoni. Geuza kiungo mpaka pande mbili zifanane kabla ya kuchora, maana mwinamo wa nyuzi 10 unatosha kukutengenezea spishi isiyokuwapo.

Linganisha mchoro wako na michoro ya maelezo ya awali ya spishi. Cheumatopsyche afra imesambaa sana barani Afrika, na kwa sababu hiyo jina lake hubandikwa ovyo kwenye kila lava wa kahawia. Usiliandike mpaka kibanio, pingili ya kumi na uume vyote vitatu vimekubali. Viwili vikikubali na cha tatu kikakataa, andika "Cheumatopsyche karibu na afra" na ueleze tofauti.

Lebo

Andika kwa penseli kwenye karatasi nzito, na uiweke ndani ya chupa pamoja na mdudu. Kalamu ya wino huyeyuka, na lebo ya nje huanguka. Iwe na nchi, mkoa, mto, jina la mahali, nyuzi za latitudo na longitudo, mwinuko kwa mita, tarehe, kasi ya maji pale jiwe lilipokuwa, na aliyekusanya. Tumbo lililosafishwa likae kwenye kijichupa chenye glisirini ndani ya chupa ya mwili wake, kila kimoja kikiwa na namba ileile. Aina isiyo na jina ipe namba ya kudumu, kwa mfano "Cheumatopsyche sp. 2, Weruweru", na usiibadilishe hata ukihamia mto mwingine. Nakala za michoro, picha za lava hai na angalau chupa moja ya kila aina zikae kwenye maabara ya chuo au taasisi ya utafiti iliyo karibu, gizani, na spiriti ikaguliwe kila baada ya miezi sita.